Kuanzishiwa uchungu kwa puto: jinsi ya kujiweka ili isikuumize sana

Wamama wa huku Lamu, mtu akiambiwa wiki 41 zimefika na uchungu wenyewe hauji itabidi atiwe puto, huingiwa na khofu kabla hata hajauliza ni kitu gani. Ni mpira ule ule wa mkojo, katheta ya Foley, ila hapa unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, afu ncha yake inajazwa maji safi ya hospitali inafura na kuusukuma mlango pole pole mpaka ulegee. Halina dawa ndani, na ndio maana aliyewahi kuzaa kwa operesheni aweza kutiwa puto hospitali yenye thieta, lakini misoprosto, dawa ya kuanzisha uchungu, hapewi, ile yaweza kupasua kovu.

Kabla hujapanda kitandani sema kama kondo liliwahi kuonekana liko chini kwenye picha ya tumbo, kama chupa ishapasuka, au kama umekunywa mafuta ya mbarika au dawa yoyote ya nyumbani. Usifiche, hakuna wa kukugombeza, na akikugombeza pia sema.

Sasa kwenye kutiwa. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kikijaa kila kitu kinauma. Lala chali, kunja leso uiweke chini ya nyonga ziinuke kidogo, hapo mlango unafikika bila kutafutwa tafutwa, ambako ndiko kunakoumiza zaidi. Unganisha nyayo, magoti yaache yaanguke kando, na mwenzako akae kichwani kwako akushike mkono. Njia ziko mbili: kwa spekulamu, kile chuma cha kufungulia uke, mkunga afungue aone, au kwa vidole tu, apapase mlango aupitishe mpira juu ya vidole vyake. Wengi vidole huwauma kidogo kuliko chuma, kwa hivo uliza, ni haki yako, lakini mlango ukiwa nyuma sana au umefunga huenda spekulamu ikahitajika, basi omba ndogo, ipashwe kwa maji ya vuguvugu. Kubalianeni mapema kwamba ukiinua mkono anasimama. Mpira unapopita toa pumzi ndefu kwa mdomo, usiizuie na usikaze makalio.

Wakati wa kujaza maji ndo sikiliza mwili wako sana. Huwa ml 30 hadi 60, kwengine 80, na puto kubwa hufungua haraka zaidi. Mgandamizo na maumivu kama ya hedhi ni kawaida, lakini ukihisi maumivu makali ya kuchoma mwambie hapo hapo, manake puto laweza kuwa bado liko ndani ya mlango halijavuka, inabidi maji yatolewe lisogezwe mbele. Usivumilie kimya eti usionekane muoga.

Baadaye mpira hugandishwa pajani ukiwa umevutika kidogo, na moyo wa mtoto usikilizwe tena. Tembea, kaa, oga, uliza paracetamol ukitaka. Mkojo ukikataa kutoka, damu ikitoka nyingi, maji yakimwagika, homa, mtoto akipunguza kucheza, au tumbo likikaza bila kuachia, ita nesi usingoje raundi.

Mara nyingi hukaa saa 12, pengine mpaka 24, likidondoka mlango umefunguka kama sentimita 3 au 4. Hapo mtoto bado, wengi hufurahi wakadhani yameisha, kumbe ndo chupa hupasuliwa au dripu ya oksitosini ianze, na uchungu wenyewe uje.

Mnaotoka Faza, Siyu na Kizingitini njooni siku moja kabla, msitegemee boti ya siku hiyo hiyo. Na mtu akikwambia urudi na puto nyumbani ulale, kama kwenu ni ng'ambo ya maji kataa, omba wodi au ulale kwa jamaa hapa mjini karibu na hospitali.