Ukienda Mafia kwa mapumziko, panga safari kwa mwezi wa angani: boti, kuvua kwa mshipi na matembezi ya Chole na Juani

Watu wengi wanabuku hoteli kwanza halafu ndo wanauliza bahari ikoje. Kule kisiwani Mafia, Tanzania, unaanza na maji, hoteli baadaye. Mimi mara ya kwanza nilirudi kutoka kisiwa kidogo cha Chole nimechelewa, maji yamekupwa, yaani yametoka, boti ikakaa kwenye tope mbali kabisa na ufukwe wa Utende, nikashuka na begi kichwani nikawa natembea kwenye matope mpaka magotini huku watoto wanacheka. Sitaki yakukute.

Hesabu ya kujaa na kukupwa kwa maji ni rahisi, chukua kalenda ya Kiislamu au muulize mzee yeyote pale leo mwezi ngapi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na 15 na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti inapita mita 3. Siku hizo maji yanakupwa kama saa nne au saa tano asubuhi halafu yanajaa jioni saa kumi kumi hivi. Tarehe 7 au 8 ya mwezi huo, na 21 au 22, ni maji mafu, maji hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu, na saa zinageuka, asubuhi ya saa nne ndo yamejaa. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Basi ukishajua hilo umemaliza nusu ya kazi.

Boti sasa. Kutoka Utende kwenda Chole ni mwendo mfupi tu, ukitaka raha chukua ngalawa ya tanga usichukue ya mashine. Kabla hujapanda angalia kuna ndoo ya kutolea maji yanayoingia botini, upondo (mti mrefu wa kusukumia boti), kasia, na laifujaketi za kutosha, kama hamna usione aibu kushuka. Kaa upande upepo unakotokea, na nahodha akisema tunabisha, yaani tunageuza boti dhidi ya upepo, inamisha kichwa maana tanga linahamishwa upande na foromali, ule mti unaoshika tanga, halina urafiki na mtu. Simu weka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Miezi ya kusi, upepo wa kusini, hasa Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka, masika ya Aprili na Mei ndo usiguse kabisa. Oktoba mpaka Februari ni tamu, na upande wa Kilindoni ndo msimu wa papa potwe, mkubwa kama basi lakini hana shida na mtu, ogelea naye pembeni usimguse.

Kuvua: eneo kubwa la kusini lipo ndani ya Hifadhi ya Bahari, tangu 1995, kwa hiyo ulizia kibali kwanza pale getini unapolipa kiingilio na uambiwe wapi panaruhusiwa, usimsikilize mtu anayekwambia twende tu. Mshipi wa mkono unatosha, ndoano ndogo, chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi), chambo ngisi. Usiuzungushe mshipi mkononi hata siku moja, samaki mwenye nguvu kama kolekole akivuta utalia, funga kidole na kipande cha tyubu ya baiskeli. Changu wanakula vizuri maji yakianza kujaa. Ukiona chambo kinaisha na hakuna samaki ujue ni kikande, huyo ni mwizi, hama hapo. Ukimpata bunju, yule samaki anayejivimbisha, mrudishe majini, ana sumu, usijaribu kuwa mjanja na kisu chako.

Pweza ni kazi ya bamvua, asubuhi maji yakikupwa unaenda na akina mama wanaojua miamba. Vaa raba, buruta miguu kwenye mchanga ili samaki taa wenye mwiba wakusikie waondoke, na usitie mkono kwenye shimo maana si kila shimo ni la pweza, mengine yana mkunga, samaki kama nyoka, na yule anang'ata kwelikweli.

Matembezi mimi ningegawa siku mbili. Chole nenda jioni maji yakiwa juu, pita kwenye magofu ya enzi ya Mjerumani ambayo mizizi imeyakumbatia, halafu subiri popo wakubwa wanaamka jua likizama. Ila hapo kubaliana kabisa na nahodha saa ya kurudi, siku za bamvua ukianza safari saa kumi una muda kidogo tu kabla maji hayajakimbia. Kisiwa jirani cha Juani nenda mapema kabla jua halijawa kali, magofu ya Kua yapo kichakani, mji wa Waswahili uliovamiwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Mawe ya matumbawe yanakata kama wembe kwa hiyo ndala acha hotelini, chukua mwenyeji, na lita 2 za maji kila mtu, mimi nilibeba nusu lita nikaishia kuomba dafu la watu.

Na usisahau kumuuliza nahodha maji ya kesho kabla hujalala.