Jinsi ya kuichimba historia ya klabu ya futiboli ya Kimarekani ya mji wako hapa Ujerumani

Tangu ile mechi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ya Novemba 2022 pale uwanja wa Allianz Arena mjini Munich, Tampa Bay walipowafunga Seattle 21-16, naona watu wengi wanadhani huu mchezo umeingia Ujerumani juzi tu. Kumbe kuna vilabu vya mitaani vina zaidi ya miaka 40, na historia yao iko kwenye maboksi ya viatu juu ya makabati ya wazee. Wazee wenyewe ndo hao wanaondoka, kwa hiyo kama unataka kuiandika anza mwaka huu.

Kwanza tafuta kambi ya jeshi. Sio kila klabu ila nyingi za zamani ziko karibu na mahali walipokaa wanajeshi wa Marekani, vijana wa Kijerumani wakawa wanawaona wanacheza, wanasikiliza redio yao ya AFN, mwisho wakataka kucheza na wao. Frankfurt ilijaa Wamarekani na ndipo walipoanza Frankfurter Löwen mwaka 1977, klabu ya kwanza nchini. Ansbach kule Bavaria ni mji mdogo tu lakini una kambi ya Katterbach, na Ansbach Grizzlies wao walicheza fainali zote nane za mwanzo za German Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa Ujerumani, 1979 hadi 1986, nane mfululizo jamani! Ile ya kwanza walifungwa na Löwen 14-8. Bila kujua habari ya kambi huwezi kuelewa mji mdogo vile ulitoa wapi nguvu hiyo.

Pili nenda mahakama ya wilaya, Amtsgericht, uombe kuona rejista ya vyama, Vereinsregister. Mtu yeyote anaruhusiwa kuangalia. Klabu ikitaka kusajiliwa inatakiwa iwe na wanachama wasiopungua saba na katiba yake inasainiwa na watu saba, hapo ushapata majina ya kuanzia. Ila angalia usichanganye mambo, tarehe ya usajili sio siku walipoanza mazoezi, mara nyingi walishakuwa wanakimbia uwanjani muda kabla ya makaratasi. Majina nayo yanabadilika kwa ajili ya wadhamini, Braunschweig Lions kuna miaka waliitwa New Yorker Lions, usije ukadhani ni klabu mbili.

Gazeti la mji ni rahisi, omba matoleo ya Jumatatu maana mechi ni wikiendi, basi.

Sasa wazee, hapa ndo penye utamu. Usiende na karatasi ya maswali. Mimi mzee mmoja nilimuuliza mlianzaje akanijibu maneno mawili akanyamaza, nikamwekea mezani picha ya timu, akaanza kugusa uso mmoja mmoja kwa kidole, huyu alikuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, huyu mama yake ndo alikuwa anatushonea namba za jezi, huyu ashafariki, halafu akaigeuza na nyuma kulikuwa na penseli iliyofifia: matokeo ya mechi na jina la sajenti aliyewafundisha. Nilikaa pale masaa matatu. Kwa hiyo beba picha, uliza nani alinunua helmeti, nani alikuwa na gari, walioga wapi baada ya mechi, na omba ruhusa kabla ya kurekodi.

Ukiandika usifiche vipigo. Grizzlies walibeba kombe 1981, 1982 na 1985, maana yake fainali tano walipoteza, na mimi naona hizo tano zinaonyesha klabu ilivyokuwa na roho kuliko hata makombe.

Ukimaliza, skani kila kitu upeleke nakala hifadhi ya mji, Stadtarchiv, na picha halisi umrudishie mwenyewe. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, kalamu ya wino inapenya mpaka usoni.