Kabla Hujapigwa Tochi: Mambo ya Kuangalia Gari Likiwa Bado Nyumbani

Kila Ijumaa jioni magari yanatoka mjini kwa Barabara ya Morogoro, Kimara, Mbezi, Kibamba, kila mmoja ana harusi au msiba wa kuwahi. Kabla ya Chalinze kuna watakaopigwa tochi, ile mashine ya trafiki ya kupima mwendo, wawekwe pembeni, na wengi wao watalalamika kwamba wameonewa. Mimi nimeshawahi kulalamika hivyo. Ndiyo maana nakwambia mambo haya uyaangalie ukiwa bado kwako, chai mkononi, wala si ukiwa umesimama juani umeshika kofia.

Leseni iwe haijaisha. Bima vilevile. Kizima moto na pembetatu viwe ndani ya gari, visiwe stoo. Hayo unayajua, tusonge.

Vibao vya barabarani visome vyote, hasa cha pili. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Kibao cha 50 kila mtu anakiona. Kinachotuponza ni kile cha kumaliza, duara jeupe lenye mstari mweusi uliokatiza. Nyumba zikianza kupungua, ukiona shamba la mihogo, mguu unajikuta umeshakanyaga mafuta wakati kibao cha ruhusa kiko mbele kabisa. Hapo katikati ndipo watu wanapopigwa tochi. Subiri ukipite ndipo uongeze. Na ukiendesha gari zito, la zaidi ya kilo 3,500, mwisho wako ni 80 hata barabara ikiwa nyeupe.

Mishale ya dashibodi usiiamini kama msahafu, hasa kama umebadilisha matairi. Kijana wa gereji atakwambia tairi kubwa linapendezesha gari. Kweli linapendezesha. Lakini ukitoa 175/65R14 ukafunga 185/65R15, kila mzunguko wa tairi unakupeleka mbele zaidi kwa asilimia 6 na kitu. Mshale uliokuwa sahihi sasa unasoma 50 na wewe uko 53. Askari hatakuuliza habari za matairi.

Tochi yenyewe ielewe, maana porojo juu yake ni nyingi. Iko ya rada na iko ya leza. Ya rada inatupa mawimbi, yanagonga gari lako na kurudi. Kwa kuwa gari linasogea, yanarudi yamebadilika kidogo, kama honi ya basi inavyokuwa kali likija na kulegea likishakupita. Jambo hilo Christian Doppler alilieleza mwaka 1842, wala hakuwa na habari na magari. Kwa rada ya gigahezi 24, gari la kilomita 50 kwa saa hubadilisha mwangwi kwa mitetemo kama 2,200 kila sekunde, na mashine inageuza hesabu hiyo kuwa mwendo. Mwale wa rada hutanuka, kwa hiyo magari yakisongamana inabidi anayepima awe makini.

Ya leza ndiyo mkorofi. Hiyo inapima muda ambao mwanga unatumia kwenda na kurudi, inarudia mara nyingi ndani ya sekunde moja, na inaona umbali ukipungua kwa kasi gani. Mwale wake ni mwembamba, kwenye mita 300 upana wake ni kama mita moja hivi, kwa hiyo inakuchagua wewe tu kati ya msururu. Ile kuona nguo nyeupe za trafiki chini ya mwarobaini ndiyo ukanyage breki haisaidii kitu. Ukimwona, yeye alishamaliza. CD ya kuning'iniza kwenye kioo, eti ivuruge tochi, nayo ni pambo tu, na kuziba namba ya gari ni kujitafutia kosa la pili. Unachoweza kufurahia ni hiki: akipima kutoka pembeni kwa mshazari, mashine husoma pungufu ya mwendo wako halisi. Ikisoma 63, jua ulikuwa 63 au zaidi.

Kamera za kujiendesha zenyewe hazihitaji hata mtu chini ya mwarobaini. Maurits Gatsonides, Mholanzi aliyeshinda mashindano ya magari ya Monte Carlo mwaka 1953, alianza kwa kutaka kujua yeye mwenyewe anakata kona kwa mwendo gani. Kifaa chake kikaja kuwa baba wa kamera za barabarani za Ulaya. Zile za kwake hupiga picha mbili zilizopishana nusu sekunde. Gari la kilomita 72 kwa saa huwa limesogea mita 10 kati ya picha na picha, na mistari iliyochorwa barabarani inathibitisha. Nyingine hukusoma namba hapa, zikakusoma tena kilomita 20 mbele. Ukitumia dakika 15 badala ya 24, ulikimbia 80, hata kama kwenye kila kamera ulipita kwa adabu.

Sasa sikia. Kamera haikujui wewe. Inaijua namba.

Hili nililipia. Nilinunua gari kwa mtu tuliyekuwa tunafahamiana mtaani, gari safi, rangi haijaguswa. Nilikagua injini, nikalala chini kuangalia kama inavuja oili, nikamleta fundi akalisikiliza kama daktari. Kadi tukabadilisha. Wiki ya tatu nikampakia shangazi na maua na sufuria mbili kubwa, tunaenda harusini Morogoro. Nilikuwa naendesha 48, naapa. Tukasimamishwa baada ya Mlandizi. Askari hakuniuliza mwendo kabisa. Akabonyeza namba ya gari kwenye mashine yake, akainama dirishani taratibu: "Kaka, gari lako linadaiwa."

Faini sita. Mwendokasi zote, za tarehe ambazo mimi gari hilo nilikuwa sijaliona hata kwenye picha. Elfu thelathini mara sita ni laki na elfu themanini, bado nyongeza ya kuchelewa. Nikampigia aliyeniuzia. Simu ikaita, ikaita. Mara ya tatu ikawa haipatikani. Shangazi akanitazama, akatazama sufuria zake, akasema, "Mwanangu, wewe ulinunua gari au ulinunua kesi?" Nililipa kwa simu pale pale, kwa hela ya mchango wa harusi. Ukumbini niliingia kwa mlango wa nyuma, kamati isinione.

Kwa hiyo kabla hujanunua gari, kabla hujaazima, na shemeji akishalirudisha kutoka "hapo Kibaha tu," ingiza namba kwenye mfumo wa faini wa trafiki mtandaoni. Ni bure, ni dakika moja. Utaona kosa na kiasi. Likiwepo deni, muuzaji alimalize mbele ya macho yako, fedha yako ikiwa bado mfukoni. Kama una gari uliloliuza na kadi bado ina jina lako, kesho asubuhi shughulikia hiyo kadi.

Ukionyeshwa picha, usianze kubishana na usianze kuomba msamaha. Angalia kwanza: namba ni yako, yote, herufi kwa herufi? Tarehe na saa ni za leo? Mwendo ni upi, na eneo lile lilikuwa na kibao? Kama hukubali kosa, unaweza kuchagua mahakama badala ya kulipa. Ukikubali, lipa kwa namba ya malipo uliyopewa. Hela ya mkononi haina risiti.

Mengine ni ya kawaida. Usitegemee lori linalokuja likuwashie taa kukuonya, dereva naye anaweza kuwa anamsalimia mwenzake nyuma yako. Toka mapema. Kwenye basi, kile king'ora kinacholia mwendo ukizidi msimwambie dereva akizime. Mvua ikinyesha futa tope kwenye namba. Na ujumbe wa malipo usiufute, upige picha, umtumie na mwenzako nyumbani, maana chaji ya simu huisha popote.