Somo: Kukata picha za katuni, kabla hujaniuliza tena

Nimechoka kueleza kitu kilekile kila jioni, kwa hiyo naandika mara moja. Mfano ni chukudu yangu ya kadibodi (chukudu ni ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) niliyoipiga kwa simu hapa Goma, picha moja moja za kuunganishwa kuwa video.

1. Amua video itaonekana wapi. Skrini ya kawaida ni pikseli (nukta za picha) 1920×1080, upana kwa urefu. Simu ikishikwa wima, 1080×1920.

2. Simu yangu inatoa 4000×3000. Ukiilazimisha iingie 1920×1080, gurudumu linakuwa yai. Kata kwanza ibaki 4000×2250, ndipo upunguze.

3. Picha zote zikatwe kwa kisanduku kimoja cha kukatia, mahali palepale. Hapa ndipo nilipoharibu. Sekunde 10 kwa fremu (yaani picha) 12 kila sekunde ni picha 120, na nilizikata moja moja kwa jicho, kila mara nikiiweka chukudu katikati. Picha moja moja zilipendeza. Kuzichezesha, chukudu haiendi popote! Ukuta na mlima Nyiragongo niliouchora nyuma ndivyo vinavyorudi nyuma kwa kushtukashtuka. Chora kisanduku kwenye picha ya kwanza, angalia kama kinafaa hata kwenye ya mwisho, andika namba za kona zake, kisha ipe programu folda nzima. FANYA KWENYE NAKALA. Mimi nilihifadhi juu ya picha za asili, nikaanza kupiga upya.

4. Majina: 0001, 0002. Ukiandika 1, 2, kuna programu zitakazotanguliza 10 kabla ya 2.

Maswali

— Picha zangu zimevutika, saidia haraka.

Hatua ya 2.

— Mimi nakata kwa jicho na ziko sawa tu.

Tuma video, siyo picha moja.

— Yaya, nikitaka kamera ionekane inausogelea mlima?

Aksanti kwa kusoma, dada. Usipunguze kwanza. Kisanduku kianze 4000×2250, kipungue kidogo kidogo kila fremu, kiishie 1920×1080, kisha kila fremu uitoe kwa 1920×1080. Umesogea karibu mara 2 na picha bado kali. Ukizidisha hapo, ukungu.

— Zangu zinang'aa na kufifia, na sijagusa kitu.

Mawingu hayo. Funika dirisha kwa kitenge, washa taa, funga mwanga wa kamera usijirekebishe.

— Na umeme ukikatika katikati?

Mimi husimama, kesho yake naanza tena.

— Balbu ya volti 12 kwenye betri ya pikipiki, mkubwa. Jioni nzima haijanizimikia.

Hiyo sikuijua. Waya umeziunga vipi?