Maji ya moto yanatoka kama uzi jikoni? Anzia kwenye koki, urudi nyuma hadi kwenye hita

Julai iliyopita, asubuhi ya ile baridi ya Dodoma inayomfanya mtu aongee huku amekunja mikono, niliitwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, Area C.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Njoo uone haya maji yangu."

Akafungua koki ya sinki upande wa moto, maji yakatoka kama uzi. Akageuza upande wa baridi, yakaruka mpaka ukutani. Alikuwa ameshaambiwa anunue pampu, na hela yake alikuwa ameitenga kwenye pensheni. Nilimwomba asitoe hata shilingi kwanza. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili kwenye kazi ya bomba mji huu, na inaniuma kuona mtu mzima akinunulishwa mashine wakati ugonjwa uko kwenye kitu cha kushika mkononi.

Kipimo unacho ndani: ni yale maji ya baridi. Chukua jagi la lita moja na simu yenye saa, ujaze upande wa baridi, kisha ujaze upande wa moto, uandike sekunde. Kwa mama yule baridi ilijaza kwa sekunde 8, moto kwa sekunde 47. Kama pande zote mbili ni dhaifu, usihangaike na hita. Fungua kile kichungi kidogo cha mdomoni mwa koki, ukioshe, halafu utazame tangi. Kimo cha mita 10 kinatoa bar 1 tu ya presha, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya koki yako linakupa kama bar 0.3, na hapo hata uchafu kidogo unatosha kukausha koki. Lakini kama baridi inakuja vizuri na moto ndio umezimia, kichungi cha mdomoni hakina kosa, maana maji yote mawili yanapita humo humo. Watu wengi hupoteza nusu siku hapo.

Kuna nyumba nyingine sinki linapata baridi moja kwa moja kutoka bomba la mtaani, na hita linakula maji ya tangi. Hizo ni presha mbili tofauti, na koki yako inaweza kuwa nzima kabisa. Kujua ni rahisi: funga valvu inayotoka kwenye tangi, fungua baridi jikoni. Ikiendelea kutoka kwa nguvu ile ile, inatoka mtaani. Hapo dawa ni kuinua tangi au kunenepesha bomba linalokwenda kwenye hita.

Swali la pili: je, maji ya moto bafuni yanatoka vizuri? Yakiwa dhaifu kote, rudi kwenye hita, nitafika huko. Yakiwa dhaifu jikoni tu, kama kwa mama yule, kazi ipo kati ya sinki na mahali bomba la moto linapogawanyika.

Zima hita kwenye swichi yake, acha maji ya moto yatoke mpaka yawe vuguvugu, ndipo uingie chini ya sinki. Sitanii hapo, maji ya hita yanababua ngozi. Utakuta engo valvu mbili, yaani vifungio vidogo vya maji vinavyotokeza ukutani, na mipira miwili ya kuunganishia. Funga ile ya moto, fungua mpira kwa spana malaya, weka ndoo, kisha fungua valvu taratibu. Maji yakija kwa kishindo, ubaya uko mbele, kwenye mpira au kwenye koki. Yakija kama uzi, ubaya uko nyuma: ni valvu yenyewe au bomba la ukutani. Hatua hii moja inakuondolea kubahatisha kwote.

Mpira umulike ndani kwa tochi ya simu. Ngozi yake ya ndani huvimba kwa joto la miaka, wakati nje waya unang'aa kama mpya. Ukiona tundu halimaliziki mpaka upande wa pili, usiusafishe, nunua mwingine.

Koki ya kuchanganya, ile ya mkono mmoja, ina katriji ndani, yaani kile kiini kinachofungua na kuchanganya maji. Funga engo valvu zote mbili, ziba tundu la sinki kwa kitambaa skrubu isizame, bandua kile kidoa chekundu na buluu, fungua skrubu iliyojificha nyuma yake, toa mkono, kisha nati inayobana. Katriji itatoka juu. Igeuze utaona matundu yake ya chini, na mara nyingi lile la moto limejaa punje nyeupe. Hicho ni chokaa. Maji yetu hapa yanatoka visimani, Makutupora huko Mzakwe, na yana madini. Yakipashwa moto madini hayo hujitenga na kuganda, ndiyo maana birika lako lina ukoko na upande wa moto huziba kabla ya baridi. Loweka katriji kwenye siki ya vuguvugu saa mbili tatu, isugue kwa mswaki wa zamani. Usikwangue kwa kisu, vile visahani vya ndani vikipata mkwaruzo koki itavuja daima. Kabla ya kuirudisha, funika mwili wa koki kwa kikombe, fungua valvu ya moto kidogo tu, uchafu uliobaki utoke.

Kwa mama yule nilifanya yote hayo. Katriji ilikuwa na punje, niliziondoa, jagi likajaa kwa sekunde 39. Bado. Nilipofungua mpira, maji kwenye valvu yenyewe yalikuwa uzi. Nikabadilisha valvu, uzi ule ule. Bafuni moto ulikuja kwa nguvu, kwa hiyo bomba lilikuwa limebanwa baada ya tii ya bafuni, kile kiungo cha njia tatu. Niliomba ruhusa nivunje vigae viwili pale kwenye elbo, kile kiungo cha kona, nikaikata.

Nilimpa mama aishike. Bomba la PPR, lile la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa, la milimita 20 lina tundu la kama milimita 13. Hapa palibaki tundu la kupita penseli, na kuta zake zilikuwa na ukoko mweupe mgumu kama sufuria ya ugali. Fundi aliyejenga aliichoma kupita kiasi. Mashine ya PPR huwekwa nyuzi joto 260 na bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 tu. Ukilishikilia zaidi, kisha ukalisukuma kwa nguvu, plastiki laini hukunjamana ndani na kufanya pete. Nje kiungo kinaonekana kizuri, hakivuji, mwenye nyumba analipa. Pete ile ilipitisha maji ya kutosha miaka ya mwanzo, kisha chokaa kikaimalizia. Ukiwa unajenga, simama na fundi wako wakati anachoma, uhesabu naye. Fundi mwenye nia njema hatakasirika.

Sasa hita, kwa wenye udhaifu nyumba nzima. Pale maji ya baridi yanapoingia kuna valvu ya usalama, na ndani yake kuna kizuizi kinachozuia maji kurudi nyuma. Kikikwama nusu, nyumba nzima inakosa moto. Zima umeme kwenye swichi kuu, funga maji, acha hita lipoe, kisha ubadilishe valvu hiyo kwa nyingine ya aina ile ile. Ikidondosha matone wakati hita linapasha, usiizibe kamwe: maji yakipata moto hutanuka, na hiyo ndiyo njia yake ya kupumulia. Usiwashe hita kabla halijajaa, kipashio kitaungua. Kama ni kufungua kipashio na kukwangua ukoko wa tangini, mwite fundi umeme mkae pamoja.

Tuliweka elbo mpya, jagi likajaa kwa sekunde 10. Mama alitaka vigae virudi jioni ile ile. Nilimwomba tuache ukuta wazi mpaka kesho yake, hita likiwashwa na kuzimwa. Nikarudi asubuhi na kitambaa kikavu, nikafuta kiungo pande zote. Kitambaa kilipotoka kikavu, ndipo nikakoroga saruji.