Kabla Hujaweka Masharti Kwenye Kitabu cha Maelekezo

Ukiandikia mashine za boti kwa chanzo kimoja, maandishi yaleyale yakatoa kitabu cha mvuvi na cha fundi, cha mashine ya stroku mbili na cha mashine ya stroku nne, anza na karatasi. Orodhesha lebo zako zote, yaani zile alama za masharti zinazosema kipande kiingie kitabu kipi na kifichwe kipi, kila moja na maana yake. Lebo 5 za kuwasha na kuzima zinatoa michanganyiko 32. Zikiwa 8, inafika 256. Hakuna atakayekaa kusoma vitabu 256, basi zipunguze.

Lebo iitwe kwa jina la kitu, si la mteja. Mteja huondoka.

Usikate sentensi katikati. Kwetu nomino huburuta sentensi nzima. Ukiacha “tangi” na “chupa ya oili” vipokezane ndani ya “hakikisha … limefungwa”, toleo moja litasema chupa ya oili limefungwa, na nahodha wa Tumbe, kule Pemba, akifika hapo ataacha kukuamini. Andika sentensi mbili kamili, kila moja na sharti lake.

Sasa hili la sifa mbili, yaani aina mbili za lebo, kama bidhaa na msomaji, lisome taratibu. Kwenye DITA, mfumo wa XML wa kuandika maelekezo kwa vipande, kipande chenye thamani mbili ndani ya sifa moja hufichwa pale tu zote mbili zinapoondolewa. Kikiwa na sifa mbili tofauti, ikiondolewa moja tu, kipande chote kinakwenda. Nilikuwa nalijua hilo. Hatua ya kuchanganya oili niliiwekea bidhaa: stroku mbili. Baadaye, kwa kuwa ilikuwa na vipimo, nikaongeza msomaji: fundi. Kitabu cha mvuvi kilichujwa kwa kuondoa “fundi”, na hatua ikapotea. Pengo halikuonekana, maana namba hujipanga zenyewe: hatua ya 2, jaza petroli, hatua ya 3, kaza kifuniko cha tangi. Ukurasa safi kabisa. Tukachapisha, vitabu vikapanda boti kwenda Pemba.

Mashine zile hazikuwa na tangi la oili pembeni. Kilichokuwa kikilainisha pistoni ni oili iliyochanganywa na petroli, lita 1 kwa lita 50, yaani mililita 20 kwa kila lita. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka kwenye tanga, hiyo ndiyo mashine yake ya kwanza, akafuata kitabu neno kwa neno. Pistoni ikashikana na silinda akiwa mbali na pwani, wenzake wakamvuta kwa kamba mpaka nchi kavu. Nilipokwenda alinifungulia kitabu, kimelowa pembeni, akaweka kidole kati ya hatua ya 2 na ya 3. “Kaka, hapa ingeandikwa, mimi ningeshindwa kuchanganya?” Deni la mashine lilikuwa bado halijaisha.

Kwa hiyo hatua ambayo ikikosekana inaua mashine au mtu isiwekewe sharti la msomaji hata siku moja. Mvuvi aisome, fundi aisome. Na kila toleo liwe na hesabu yake pembeni: kujaza mafuta stroku mbili, hatua 6, stroku nne, hatua 5. Baada ya kuchuja, hesabu kwa kidole.

Lebo mpya ambayo faili la kuchuja, lile linalosema lebo zipi ziondolewe, halijaitaja haifichwi, inaingia kila kitabu. Siku unayoiongeza, fungua mafaili yote ya kuchuja siku hiyohiyo. Tazama pia “angalia sura ya 7” wakati sura ya 7 imefichwa. Usiguse vichujio siku ya kuchapisha. Faili la kuchuja lililotumika lihifadhiwe pamoja na kitabu lililokitoa, na nakala ikae nje ya kompyuta yako, umeme wetu unaujua. Kisha chukua nakala moja iliyochapwa uende nayo Malindi ya Unguja asubuhi boti zinaporudi, umwombe mtu mwenye mashine ya aina hiyo aifuate mbele yako, hatua kwa hatua, nawe usiseme kitu.