Tachi ndani ya kaveera, kwa glavu na chini ya protekta

Hapa Busia, upande wa Uganda, mvua ikianza simu za watu wa boda huingia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Za akina mama wanaoleta mukene (dagaa) kutoka Majanji hukaa humo siku nzima. Wengi huniletea wakisema tachi, yaani kioo cha kugusa, imekufa, kumbe nzima. Soma hapa kabla hujamlipa fundi, mimi nikiwemo.

Kwanza jua aina ya kioo. Kiguse kwa kifuniko cha kalamu cha plastiki, kisha bonyeza kwa nguvu kidogo. Kikiitikia ukibonyeza, kina tabaka mbili zinazokutana kwa mgandamizo. Nokia 5800 ya mwaka 2008 ilikuwa hivyo. Hicho hakichagui: kucha, glavu, kaveera, bora ubonyeze.

Kikikataa kalamu na kukubali kidole, kinategemea umeme. Ndani yake mna gridi ya nyuzi zisizoonekana zenye chaji, na kidole kikisogea hubadilisha chaji hiyo. Simu janja za leo karibu zote ni za namna hii. Plastiki nyembamba haizisumbui. Hata kioo chenyewe tayari ni kizuizi kati ya kidole na nyuzi. Adui ni umbali, na umbali wa hewa ndio mbaya zaidi.

Kwa hiyo chukua kaveera nyepesi, angavu, isiyo na mikunjo. Futa simu ikauke kabisa, itumbukize, toa hewa yote, vuta plastiki ikazane juu ya kioo, kisha funga fundo nyuma. Usiruke hatua ya kufuta. Maji yakibaki juu ya kioo, simu huyadhania kidole, ikaanza kujibonyeza yenyewe, na hapo unaweza kumpigia mkweo bila kukusudia.

Glavu nene za ngozi hazipitishi. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuongeza wepesi wa tachi. Baadhi ya simu za Samsung zinayo. Kama haipo, kata ncha ya kidole cha shahada. Baridi ya alfajiri utaisikia, lakini simu utapokea.

Mashine za umma nyingine zenye kioo cha kugusa hutumia miale isiyoonekana inayokatiza juu ya kioo. Hapo chochote kinachoikata kinatosha, hata nzi.

Protekta, yaani kinga inayobandikwa juu ya kioo, ya milimita 0.33 haina shida ikiwa gundi imeenea kote. Zile za gundi ya pembeni tu huacha hewa katikati, na mimi siziuzi. Simu inayosoma alama ya kidole chini ya kioo kwa mawimbi ya sauti huteseka zaidi na hewa hiyo. Ukishabandika protekta mpya, futa alama ya zamani usajili kidole upya, ukikandamiza vizuri.